Kifurushi kikihama bila mtumiaji kujua, tarakilishi hubaki kimya

MTUMIAJI wa mfumo wa Linux mara nyingi hutambua kwamba kuna watu wanaotunza programu zake siku ile video inapokataa kucheza. Jana tarakilishi ilitoa nyimbo na filamu bila tatizo. Leo, baada ya programu kusasishwa, inatoa ujumbe mfupi kwamba kodeki haikupatikana, kisha inanyamaza.

Katika eneo la Westlands, jijini Nairobi, hilo si jambo dogo. Huko ndiko liliko Bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako masomo ya kompyuta hufundishwa, na makao ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya katika barabara ya Waiyaki Way. Aidha, kuna ofisi nyingi ambazo kazi yao ya kila siku ni kuhariri video, kurekodi sauti na kuendesha mikutano kupitia mtandao.

Ofisi inayotumia Linux hainunui programu hizo dukani. Huzichukua kutoka ghala lililoko mtandaoni, bila malipo, na kuzisasisha kutoka ghala hilo hilo. Kwa hivyo, ni muhimu kujua ni nani anayelilinda ghala hilo, na ni nini hutokea bidhaa zake zinapohamishiwa kwingine.

Uzito wa suala hili unazidi ule wa wimbo uliokatika. Mnamo Juni 2013, watumiaji wa Debian kote duniani walitahadharishwa kwamba anwani ambayo wengi wao waliizoea kwa programu za video ilikuwa imeangukia mikononi mwa mtu asiyejulikana.

Kifurushi ni nini?

Linux, kiini cha mfumo huo, ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Kiini hicho pekee hakimtoshi mtumiaji wa kawaida. Ndiyo maana kuna mikusanyiko inayokiunganisha na maelfu ya programu nyingine, kama vile Debian iliyoanzishwa mwaka 1993, Fedora iliyoanza mwaka 2003, na Ubuntu iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Kila programu katika mkusanyiko hufungwa kama kifurushi. Ndani yake kuna programu yenyewe, jina lake, nambari ya toleo, na orodha ya vifurushi vingine ambavyo ni lazima viwepo ili ifanye kazi. Debian 12, iliyotolewa Juni 2023, ilikuwa na vifurushi zaidi ya 64,000.

Kila kifurushi kina mtunzaji wake, ambaye anaweza kuwa mtu mmoja au kikundi. Mtunzaji huchukua msimbo asilia kutoka kwa waliouandika, huchunguza masharti ya leseni, huufanyia marekebisho ili ulingane na mfumo mzima, kisha huufunga na kuupeleka ghalani. Baada ya hapo ndipo kazi ndefu huanza: kupokea malalamishi, kuziba mianya ya usalama, na kuhakikisha kwamba toleo jipya halivunji programu nyingine.

Wengi wa watunzaji hao ni watu wa kujitolea.

King'amuzi kilicho ndani ya tarakilishi

Programu za medianuwai, yaani zile za sauti, picha na video, ni miongoni mwa zinazowasumbua watunzaji zaidi. Ili kuelewa sababu, msomaji anaweza kukumbuka yaliyotokea Kenya mwaka 2015, matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa na familia zikalazimika kutafuta ving'amuzi.

Picha za kidijitali hubanwa kabla ya kutumwa, kwa kuwa zingepelekwa zilivyo zingekuwa nzito kupita kiasi. Kazi ya king'amuzi ni kuzifungua upya ili zionekane kwenye skrini. Kenya ilichagua ubanaji wa aina ya MPEG-4, na televisheni ambayo haikuwa na kifaa cha kuufungua ilibaki na kioo kitupu.

Kodeki ndiyo king'amuzi cha tarakilishi. Wimbo wa MP3 unahitaji kodeki yake, na video ya H.264 vivyo hivyo. Programu kama VLC, iliyoanza kama mradi wa wanafunzi nchini Ufaransa mwaka 1996, hutegemea maktaba za kodeki, na maarufu zaidi kati ya maktaba hizo ni FFmpeg, iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard.

Kwa sababu programu nyingi huegemea maktaba moja, badiliko moja hugusa zote. Debian 12 ilikuwa na FFmpeg 5.1, ilhali Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, ina FFmpeg 7.1. Kati ya matoleo hayo mawili, kila kifurushi kilichoitegemea maktaba hiyo kililazimika kujengwa upya, na vingine kurekebishwa msimbo wake, kabla ya toleo jipya kuruhusiwa kutoka.

Wimbo uliohitaji leseni

Tatizo la pili ni la kisheria. Mbinu za kubana sauti na video zililindwa kwa hataza, yaani haki anayopewa mvumbuzi ya kudhibiti matumizi ya uvumbuzi wake kwa kipindi maalumu. Anayesambaza programu ya kufungua MP3 katika nchi zinazotambua hataza hizo angeweza kudaiwa ada, hata kama programu yenyewe aliiandika mwenyewe na anaigawa bure.

Mkusanyiko unaogawiwa bila malipo hauna njia ya kuhesabu nakala zake na kulipia kila moja. Kwa sababu hiyo, Fedora na Ubuntu ziliamua kuacha kodeki hizo nje ya diski zao za msingi.

Uamuzi huo uliwaumiza zaidi watumiaji wa Afrika Mashariki. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2011, Ubuntu ilikuwa na mpango wa kumtumia mtu yeyote diski kwa posta bila malipo. Hata hivyo, aliyeipokea diski hiyo jijini Nairobi hakuweza kusikiliza wimbo wa MP3 hadi apakue kodeki kutoka mtandaoni.

Wakati huo mtandao wenyewe ulikuwa ghali na wa kasi ndogo. Kenya iliitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya nje hadi mwaka 2009, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa. Kifurushi ambacho mtumiaji wa Ulaya alikipata kwa dakika moja kingeweza kumchukua mtumiaji wa Nairobi muda mrefu ndani ya saiba, akilipia kila dakika.

Pengo hilo lilizibwa na maghala ya nje, yaliyoendeshwa na watu binafsi au vikundi vilivyo kando ya mikusanyiko rasmi. Debian ilikuwa na ghala la debian-multimedia.org, Ubuntu ilikuwa na Medibuntu, na watumiaji wa Fedora walikuwa na maghala kadhaa yaliyoungana mwaka 2008 na kuwa RPM Fusion. Yaliwafaa watu wengi, lakini yalileta swali jipya: endapo mwenye ghala la nje atahama au kuchoka, ni nani atakayewajulisha waliokuwa wakichukua bidhaa kwake?

Aina tatu za kuhama

Aina ya kwanza ni kuhama kwa jina. Mwaka 2011 wasanidi wa FFmpeg walitofautiana, na kundi moja likajitenga na kuanzisha mradi wa Libav. Debian na Ubuntu zilifuata Libav, na amri iliyoitwa ffmpeg ikabadilishwa kuwa avconv.

Katika Debian 8, iliyotolewa Aprili 2015, amri ya zamani haikuwemo kabisa. Studio yoyote iliyokuwa imeandika amri zake za kubadilisha video kwa jina la zamani ingekuta kazi imekwama, ingawa faili zake zote zilikuwa salama. Mwezi huo huo Ubuntu ilirejea kwa FFmpeg, nayo Debian ikaamua vivyo hivyo Julai 2015. Toleo la Debian lililoirudisha lilitoka Juni 2017.

Kwa uhamaji wa aina hii, watunzaji wana desturi njema. Wao huacha kifurushi kitupu chenye jina la zamani, ambacho kazi yake pekee ni kuelekeza kwa jina jipya. Ni sawa na kampuni inayotoka Moi Avenue kwenda Westlands na kubandika tangazo mlangoni likieleza ilikohamia. Lakini tangazo halikai milele. Baada ya toleo moja au mawili huondolewa, na aliyechelewa hukuta mlango umefungwa bila maelezo.

Aina ya pili ni kuhama kutoka ghala moja hadi lingine. LAME, programu ya kutengeneza faili za MP3, kwa miaka mingi haikuwa katika ghala rasmi la Debian, na watumiaji waliichukua nje. Kufikia Debian 7, iliyotolewa Mei 2013, ilikuwa imeingizwa ndani. Mpango wa leseni za MP3 ulipofungwa Aprili 2017, baada ya hataza zake kuisha muda, Fedora nayo iliikubali MP3 kikamilifu.

Uhamaji huo pia huenda kinyume. Mwaka 2022, Fedora iliondoa katika viendeshi vyake vya michoro uwezo wa kufungua video za H.264 na H.265 kwa kutumia kadi ya michoro, kutokana na wasiwasi wa kisheria. Waliouhitaji walilazimika kuutafuta RPM Fusion. Aliyesasisha bila kusoma matangazo aliweza kuona video zikikwamakwama na feni ya kipakatalishi ikivuma, asijue kwamba mzigo uliokuwa ukibebwa na kadi sasa umeangukia kichakataji.

Anwani iliyobaki bila mwenyewe

Aina ya tatu ndiyo ya hatari zaidi, nayo ni kuhama kwa anwani. Mwaka 2012, baada ya mazungumzo kati ya uongozi wa Debian na mwenye ghala la debian-multimedia.org, ghala hilo liliacha kutumia jina lililofanya lionekane kama sehemu rasmi ya mradi. Likahamia deb-multimedia.org.

Anwani ya zamani haikulipiwa tena, muda wake ukaisha, kisha ikasajiliwa na mtu ambaye Debian haikumjua. Mnamo Juni 2013, mradi huo uliwataka watumiaji kuifuta anwani hiyo kutoka kwa orodha za maghala yao, ukieleza kwamba haikuwa salama tena.

Sababu ni bayana. Tarakilishi ya Linux huuliza kila ghala lililoorodheshwa kama lina toleo jipya. Likijibu kwamba lipo, programu hiyo huwekwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo, mwenye uwezo wa kusoma na kubadilisha kila kitu. Anayemiliki anwani iliyosahaulika kwa hivyo amesimama mlangoni mwa kila tarakilishi ambayo bado inaiuliza.

Kinachomzuia kuingia ni muhuri. Tangu Debian 4.0, iliyotolewa Aprili 2007, programu ya apt hukagua sahihi ya kidijitali ya kila ghala. Sahihi hiyo hutengenezwa kwa ufunguo wa siri ulio kwa wenye ghala pekee, na tarakilishi ya mtumiaji huikagua kwa ufunguo wa wazi unaolingana nao. Mtu anayenunua anwani hapati ufunguo wa siri pamoja nayo.

Hata hivyo, muhuri hulinda tu pale unapoheshimiwa. Mtumiaji aliyezoea kujibu ndiyo kila anapoonywa kwamba ghala halina sahihi, au anayepakua ufunguo kutoka anwani ile ile anayotaka kuithibitisha, huwa ameifungua kufuli kwa mkono wake mwenyewe.

Faida ya nakala za karibu

Muhuri huo una faida nyingine kwa nchi iliyo mbali na maghala makuu. Kwa kuwa uhalali wa kifurushi uko katika sahihi na si katika mahali kilipotoka, nakala ya ghala inaweza kuwekwa popote bila kupunguza usalama. Mtandao wa vyuo wa KENET na kampuni ya Liquid zimewahi kuhifadhi nakala za aina hiyo jijini Nairobi.

Nakala ya karibu huwa na maana iwapo data inazunguka ndani ya nchi. Kenya ililijua hilo mapema. Kituo cha KIXP, kinachounganisha kampuni za mtandao nchini, kilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2000, kikafungwa baada ya wiki chache kufuatia malalamishi ya Telkom Kenya, kisha kikarejea Februari 2002. Bila kituo cha namna hiyo, faili inayotoka jengo moja la Nairobi kwenda jingine ingeweza kuzunguka ng'ambo kwanza.

Mnamo Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini na mtandao ukadorora Kenya, Tanzania na nchi jirani. Siku kama hizo, ofisi yenye nakala ya karibu ya vifurushi huweza kuendelea kusasisha mitambo yake huku nyingine zikisubiri.

Ofisi ifanye nini?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza kwa msimamizi wa tarakilishi ni kuandika orodha ya maghala yote yanayotumiwa na ofisi. Katika Debian na Ubuntu, orodha hiyo huwa katika faili ya sources.list na kabrasha la sources.list.d, chini ya kabrasha la /etc/apt. Katika Fedora, hupatikana chini ya /etc/yum.repos.d.

Kila ghala la nje lijibiwe maswali matatu: liliongezwa kwa sababu gani, linatunzwa na nani, na je, kifurushi kilichotakiwa bado hakipo katika ghala rasmi? Mara nyingi jibu la swali la tatu litashangaza. Medibuntu ilifungwa mwaka 2013, na sehemu kubwa ya kodeki zilizowapeleka watu nje miaka ya 2000 sasa zimo ndani ya mikusanyiko yenyewe.

Ghala lisilo na sababu lifutwe. Lililo na sababu liwekewe ufunguo wake lenyewe, ili lisiweze kuidhinisha vifurushi vya maghala mengine, na liwekewe mpaka ili litoe programu ile tu iliyokusudiwa. Maghala ya nje mara nyingi huwa na matoleo yenye nambari za juu, na mfumo usipozuiwa huyachukua na kuzibadilisha maktaba rasmi. Baadaye, wakati wa kuhamia toleo jipya la mfumo mzima, vifurushi hivyo mchanganyiko hukataa kuelewana.

Usasishaji nao usifanywe katika mitambo yote kwa siku moja. Chukua mfano wa ofisi ya Westlands yenye tarakilishi 40. Ikiwa moja tu itasasishwa kwanza, ikachezeshwa wimbo, ikafunguliwa video na kujaribiwa mkutano wa mtandaoni, hitilafu itagunduliwa na mtu mmoja badala ya watu 40. Tarakilishi nyingine zinaweza kuchukua vifurushi kutoka kwa ile seva ya ofisi inayohifadhi kilichokwisha kupakuliwa, hivyo gharama ya data hulipwa mara moja.

Muhimu kuliko yote ni kusoma maelezo ya toleo kabla ya kulikaribisha. Humo ndimo watunzaji hutaja vifurushi vilivyobadilishwa majina, vilivyohamishwa na vilivyoondolewa.

Zamu ya watunzaji

Utaratibu huu wote unaegemea watu wachache. Hilo lilidhihirika Machi 2024, ilipogunduliwa kwamba programu ya ubanaji ya xz ilikuwa imetiwa mlango wa siri na mtu aliyejifanya msaidizi mwema kwa muda mrefu, akamlegeza mtunzaji aliyekuwa amelemewa na kazi. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu alishangaa kuona seva ikichelewa kwa nusu sekunde.

Funzo la kisa hicho ni kwamba mtunzaji aliyechoka ni hatari ya usalama sawa na anwani iliyosahaulika. Dawa yake ni kuongeza watunzaji.

Afrika Mashariki si mgeni katika uwanja huu. Februari 2006, Nairobi iliandaa Idlelo, kongamano la programu huria la bara zima. Tangu wakati huo gharama ya mtandao imeshuka, na idadi ya vijana wanaohitimu masomo ya kompyuta Chiromo na kwingineko imeendelea kukua.

Mwanafunzi hahitaji kuandika kodeki mpya ili kusaidia. Anaweza kuripoti hitilafu kwa ukamilifu, kujaribu toleo kabla halijatolewa, kurekebisha maelezo yaliyopitwa na wakati, au kukichukua kifurushi ambacho mtunzaji wake ameomba kupumzishwa. Debian huchapisha orodha ya vifurushi vya aina hiyo, na yeyote anaweza kujitolea.

Ofisi inayopata programu bure huwa haijaepuka gharama. Imemwachia mtu mwingine aibebe. Iwapo mtu huyo atahama au kuanguka, ni wale tu waliokuwa wakimfuatilia watakaojua kwa nini tarakilishi imenyamaza.